Gemu ya hadithi yenye wapenzi wanne: wote wawe wazi kwa jinsia yoyote, au kila mmoja na anaowapenda?

nukta_mbili

Habari wakuu. Naomba ushauri wa wanaoandika gemu za hadithi. Gemu hii ni ya kusoma na kuchagua, imejengwa kwa Ren'Py (programu ya kutengenezea gemu za hadithi), na maandishi yake ni ya Kiswahili tangu mwanzo. Mchezaji anachagua jinsia ya mhusika wake. Kuna watu wanne anaoweza kupendana nao: Neema na Zuhura (wanawake), Amani na Sefu (wanaume). Sura ni 6, na kila mmoja wa wanne ana matukio 10 ya kukaa na mchezaji faragha.

Nimekwama kwenye mambo matatu.

La kwanza: wote wanne wampende mchezaji wa jinsia yoyote, au kila mmoja awe na watu anaovutiwa nao na wengine awakatae?

La pili: pointi. Kila tukio la faragha lina jibu moja zuri la pointi 5. Maamuzi ya hadithi kuu nayo yanaongeza, jumla kama 30 kwa kila mhusika. Busu liko tukio la 7, na linahitaji pointi 50. Wanaoijaribu wanaleta malalamiko yanayopingana: wengine wanabusiwa bila kutarajia, wengine wanatongoza hadi mwisho na hawapati kitu.

La tatu: Zuhura ni mwanamke aliyelelewa kama mvulana. Kwa sasa anamwambia mchezaji tukio la 2, ili mtu ajue kabla ya kuanza kumtongoza. Je, imekaa vizuri?

TawiLaTatu

Mkuu, nitajibu la kwanza tu. Njia zote mbili zimeshajaribiwa na gemu kubwa, na kila moja ina mahali inapovuja.

Dragon Age II ya 2011 iliwaweka Anders, Fenris, Isabela na Merrill wazi kwa Hawke, mhusika wa mchezaji, awe mwanamume au mwanamke. Mwaka 2014 studio hiyohiyo ikageuza utaratibu katika Dragon Age: Inquisition: Dorian anapenda wanaume tu, Sera wanawake tu, Cassandra anamkubali mwanamume tu, huku Iron Bull na Josephine wakiwa tayari kwa yeyote. Baldur's Gate 3 ya 2023 ikarudi kwenye uwazi.

Kabla ya kubishana juu ya uhalisia, chora jedwali uhesabu. Tuseme umegawa hivi: Amani na Zuhura wanapenda wanaume, Neema na Sefu wanapenda wanawake. Inaonekana ni haki, kila mchezaji ana wawili. Lakini mchezaji mwanamume anayetaka mwanamume ana Amani peke yake. Kama tabia ya Amani haimvutii, kwake gemu haina mapenzi. Sasa jaribu hivi: Amani wanaume tu, Neema wanawake tu, Sefu na Zuhura wote. Mchezaji mwanamume anapata Amani, Sefu na Zuhura. Mwanamke anapata Neema, Zuhura na Sefu. Kila mtu ana watatu, na wawili kati yao ni wa jinsia yake. Gharama ipo: anayetaka jinsia tofauti anabaki na mmoja. Ikikusumbua, mwache Neema au Amani peke yake ndiye mwenye mpaka. Mimi ningechukua mgawo huu wa pili bila kusita, kwa sababu gemu nyingi zimempa mchezaji huyo chaguo lote na wengine makombo.

Uwazi unavuja pale mhusika anapokosa historia. Anamkubali mchezaji kwa kuwa msimbo haukuuliza jinsia, basi. Hakuna sentensi hata moja inayoonyesha aliwahi kumtamani mtu mwingine, na anachopenda kinabadilika kulingana na aliyeishika kompyuta. Dawa yake ni ndogo: kila mhusika aliye wazi apewe angalau sehemu mbili anapomtaja mtu aliyewahi kumpenda, jinsia ionekane, na sehemu hizo zisibadilike hata mchezaji awe nani. Zevran wa Dragon Age: Origins (2009) anasadikika kwa sababu hiyo. Anazungumza juu ya wanaume na wanawake aliowahi kuwa nao, mchezaji amtongoze asimtongoze.

Mipaka nayo inavuja mahali pengine: waandishi huficha chaguo la kutongoza. Mchezaji mwanamume haoni kitu kwenye menyu, anamaliza gemu nzima bila kujua kuwa Neema anapenda wanawake. Yeye anadhani Neema hana habari na mapenzi. Usifiche. Acha atongoze, kisha Neema amkatae kwa tukio lililoandikwa. Mchezaji mwanamke akimtongoza Cassandra mara kadhaa, Cassandra mwenyewe analianzisha na kumweleza waziwazi kwamba haiwezekani. Cyberpunk 2077 ya 2020 inafanya vivyo hivyo kwa Panam: V (mhusika wa mchezaji) wa kike anaweza kujaribu, na Panam anamrudisha nyuma bila kumdhalilisha. Ni mistari 8 hadi 12 kwa kila mhusika mwenye mpaka. Hakuna mistari ya bei rahisi kuliko hiyo inayomfanya mhusika aonekane ana maisha yake.

Jingine dogo: wasioguswa na mchezaji wapendane wenyewe. Katika Inquisition, kama hukumchukua Dorian wala Iron Bull na unatembea nao pamoja, maongezi yao ya njiani yanageuka kuwa uhusiano. Amani na Sefu wanakuita.

Kalamu_na_Msimbo

Naingia kwenye pointi. Malalamiko yako yanaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja: urafiki na mapenzi vimetiwa kapu moja, halafu kizingiti kimehesabiwa kwa jumla ya gemu nzima badala ya mahali tukio lilipo.

Angalia hesabu yako. Hadi kufika tukio la 7, mchezaji amepita matukio 6 ya faragha, yaani pointi 30 akijibu yote vizuri. Chukua hadithi kuu imeshatoa 20. Jumla ni 50, na kizingiti chako ni 50. Maana yake aliyekosea jibu moja tu, au aliyetofautiana na Amani kwenye uamuzi mmoja wa sura ya 3, ameshakosa busu bila kuambiwa. Huyo ndiye anayetongoza hadi mwisho na hapati kitu. Upande wa pili, mtu mpole anayejibu vizuri kila mahali kwa sababu ndiyo tabia yake anafika 50 bila kuwaza mapenzi, na Amani anamrukia.

Kosa hili liliwakuta hata studio ya Larian. Baldur's Gate 3 ilipotoka, Gale alikuwa anamwelekea mchezaji kimapenzi mapema kupita kiasi, na maelezo ya studio baadaye yalikuwa kwamba ilikuwa hitilafu: kiwango cha kukubalika kilikaa chini mno.

Rekebisha hivi. Pointi zibaki za urafiki peke yake. Mapenzi yawe na hesabu yake, inayopanda tu mchezaji anapochagua mstari ulioonekana wazi kuwa wa kutongoza. Dragon Age II iliweka alama ya moyo kwenye mstari wa namna hiyo. Wewe unaweza kuweka rangi au alama yoyote, mradi isimtege mtu. Weka nafasi tatu za kutongoza, tukio la 3, la 5 na la 6, na busu lidai mbili kati ya hizo tatu. Kizingiti cha urafiki kiwe asilimia 60 ya kile kinachowezekana *kufikia hapo*: asilimia 60 ya 50 ni 30. Kwa Ren'Py:

`default amani_urafiki = 0`
`default amani_tongozo = 0`
`default amani_amekataliwa = False`

`if amani_urafiki >= 30 and amani_tongozo >= 2 and not amani_amekataliwa:`

Na hata sharti likitimia, Amani asibusu. Aulize. Mchezaji apewe ndiyo, hapana, na bado. "Hapana" isipunguze pointi hata moja ya urafiki, ila ibadilishe `amani_amekataliwa` kuwa kweli ili mistari yote ya mapenzi ifungwe kuanzia hapo. Wengi wanasahau kufunga, na mhusika aliyekataliwa sura ya 4 anaonekana sura ya 5 akisema "mpenzi wangu". "Bado" irudi tukio la 8, mara moja tu.

Angalizo la kiufundi: tumia `default`, usitumie `define` kwa kitu kinachobadilika. Ren'Py inachukulia vya `define` kuwa havibadiliki, kwa hiyo usitegemee vitahifadhiwa kwenye sevu. Mtu anafungua gemu kesho yake, mchumba wake hamkumbuki. Na ukiongeza hesabu mpya baada ya kutoa toleo la kwanza, `default` ndiyo itakayoipa sevu za zamani thamani ya kuanzia badala ya gemu kukwama.

Kuhusu zawadi, kama unaziwaza: tazama Stardew Valley (2016). Moyo mmoja ni pointi 250, kuzungumza na mtu ni 20, zawadi anayoipenda sana ni 80, na siku yake ya kuzaliwa inazidishwa kwa 8. Zawadi moja siku hiyo ni pointi 640, mioyo miwili na nusu kwa mkupuo. Kwenye gemu ya shamba inayochezwa miaka na miaka inakubalika, tena ile iliruhusu ndoa ya jinsia moja kwa wachumba wote tangu siku ilipotoka. Kwenye hadithi ya sura 6, zawadi itageuza mtu kuwa duka. Hades (2020) ina njia bora: unampa Thanatos au Megaera nekta, mioyo inapanda kiasi, halafu inafungwa. Haifunguki tena kwa zawadi mpaka jambo fulani kwenye hadithi yao litokee.

Pia mpe mchezaji pointi 3 kwa ugomvi wa haki. Kama njia ya pekee ya kupendwa ni kukubaliana na kila neno la Amani, wachezaji watamdanganya, na kila mapenzi kwenye gemu yako yatakuwa yamejengwa juu ya uongo. Dragon Age II ililiona hili na ikaruhusu mapenzi kupitia upinzani.

Kabla ya kutoa, jaribu kwa mtu wa aina tatu: asiyetongoza kabisa, anayetongoza wote wanne, na anayeanza halafu akaacha katikati. Kila mmoja kwa jinsia zote mbili. Hiyo ni mizunguko sita, na hitilafu nyingi za mapenzi zinajificha kwa yule wa tatu.

MtafsiriGemu

Hakuna aliyegusa lugha, na hapo ndipo gemu ya Kiswahili inaachana na hizo zote zilizotajwa.

Kiswahili hakitofautishi jinsia kwenye "yeye" wala kwenye "a-". Mwandishi wa Kiingereza anaweza kumfichua Amani kwa kiwakilishi kimoja katikati ya sentensi, na msomaji akashtuka. Ukiandika "Nilikuwa na mtu. Aliondoka bila kuaga," msomaji wako hajafichuliwa chochote, atajaza mwanamke kwa mazoea na kuendelea. Ndiyo maana zile sehemu mbili za historia alizosema TawiLaTatu lazima ziwe na nomino au jina. "Kijana mmoja" haitoshi, maana kijana ni yeyote. "Nilikuwa na mtu, anaitwa Juma. Aliondoka bila kuaga." Imekwisha, hakuna maelezo zaidi yanayohitajika.

Mtego wa pili ni maneno yasiyo na jinsia. Mwenzangu, rafiki yangu, mwandani, hata mchumba kwa sauti fulani. Ni mazuri, na yanakupunguzia kazi ya kuandika kila mstari mara mbili. Lakini "mwenzangu" ni wa kazini pia, na msomaji asiyetaka kuona mapenzi hapo hataona. Kila njia iwe na angalau mstari mmoja usioweza kusomwa vingine. Neema akisema "huyu ni mke wangu" mbele ya watu, mlango wa kujidanganya umefungwa. Uweke mahali penye uzito, usiutawanye.

Tatu, kuoa na kuolewa. "Utanioa?" na "Utaolewa nami?" zote zinagawa nani mume nani mke kabla hawajakubaliana. Kwa wanaume wawili au wanawake wawili mstari unakuwa wa ajabu, na mara nyingi unaingia kwa kunakili njia ya jinsia tofauti na kubadilisha jina tu. "Tuoane" au "tufunge ndoa" inafaa njia zote nne. Tafuta kwenye faili zako zote herufi "-oa" na "-olewa", usome mmoja mmoja kwa macho. Usibadilishe kwa amri moja, utaharibu "kopoa", "poa" na "toa".

Wito wa mchezaji (kaka, dada, bwana, bibi) uwe kwenye kibadilika kimoja, `"Karibu, [wito]."`, kinachowekwa mara moja mwanzoni. Tena mwache mchezaji auchague mwenyewe badala ya kuufunga kwenye umbo la mwili.

Majina ya utambulisho ni sehemu ngumu. "Shoga" kati ya wanawake ni rafiki wa karibu. Akiambiwa mwanamume, mara nyingi ni tusi. Kwa hiyo Neema akimwita jirani yake "shoga yangu", nusu ya wasomaji watasoma kitu ambacho hukukiandika. "Msagaji" na "hanithi" ni ya kutukania. Ukiyatia kinywani mwa mhusika mbaya, hakikisha mtu kwenye hadithi anajibu. Wahusika wenyewe wakijieleza, kitenzi kinashinda lebo: "napenda wanaume", "moyo wangu uko kwa wanawake". Ndivyo mtu anavyomwambia anayemwamini.

nukta_mbili

Asanteni sana wakuu. Mgawo wa pili wa TawiLaTatu nauchukua, na kizingiti kinashuka hadi 30. Bado Zuhura. Na swali la nyongeza: mwisho wa gemu una njia mbili, moja mpenzi anakufa.

Sauti_ya_Pili

Ndugu, tukio la 2 ni mapema mno, na sababu uliyoitoa ndiyo tatizo lenyewe. "Ili mtu ajue kabla ya kumtongoza" ni onyo la bidhaa. Linamfanya Zuhura aonekane ana deni la maelezo kwa mtu aliyekutana naye jana.

Mfano ulio karibu kabisa na wako ni Mass Effect: Andromeda ya 2017. Hainly Abrams, mwanamke trans (aliyehesabiwa mvulana alipozaliwa), alikuwa anamtajia mchezaji jina lake la zamani kwenye maongezi ya kwanza kabisa, baada ya swali la kawaida tu. Wachezaji trans walisema wazi kwamba hakuna anayefanya hivyo kwa mgeni. BioWare, studio iliyoitengeneza, iliomba radhi, na toleo la 1.08 likabadilisha: anasema pale tu imani imejengeka. Toleo hilohilo lilimfungua mhusika Jaal kimapenzi kwa Ryder (mhusika wa mchezaji) wa kiume, kwa hiyo mambo haya yanarekebishika hata baada ya gemu kutoka.

Kwa Zuhura, peleka tukio la 5 au la 6, baada ya mchezaji kumfanyia jambo linaloonekana. Jina la zamani lisiwepo popote. Hadithi haina kazi nalo. Lisikae hata kwenye maelezo ya pembeni ndani ya msimbo, kwa sababu faili za Ren'Py hufunguliwa kirahisi na wachezaji watalichimba na kulitumia. Katika The Last of Us Part II (2020), Lev, mvulana trans, anaitwa kwa jina lake la zamani na maadui zake, na hata kwa nia njema ya waandishi, jina hilo likawafikia wachezaji.

Majibu ya mchezaji yawe matatu: la kushukuru kuaminiwa, la kuuliza jambo, na la kunyamaza. Kama unaweka la nne la kudhalilisha, Zuhura aondoke na njia yake ifungwe hadi mwisho, bila tukio la kusameheana la pointi 10. Swali lenyewe liwe la mtu, si la mwili. Krem wa Inquisition, mwanamume trans, alipendwa na wengi, ila baadhi ya maswali ambayo mchezaji anaruhusiwa kumuuliza ni ya kumchunguza, na sauti yake iliigizwa na mwanamke asiye trans. Tell Me Why (2020) ilikwenda mbali zaidi: Tyler ni mmoja wa wahusika wakuu wawili, ameigizwa na mwanamume trans, August Aiden Black, na studio ilifanya kazi na GLAAD, shirika la Marekani linalofuatilia jinsi watu wa LGBTQ wanavyoonyeshwa, wakati wa kuandika.

Kagua pia msimbo wako. Cyberpunk 2077 inaruhusu mwili na sauti kuchaguliwa kila kimoja peke yake, lakini Judy anadai mwili wa kike *na* sauti ya kike, Kerry anadai mwili wa kiume *na* sauti ya kiume, wakati River na Panam wanaangalia mwili tu. Matokeo: V mwenye mwili wa kike na sauti ya kiume anabaki na River peke yake. Aliyechanganya hivyo ili kujiona kwenye gemu ndiye aliyefungiwa milango mingi zaidi. Wewe uliza jinsia ya mhusika mara moja, iandike, na milango yote isome jibu hilo hilo.

Kuhusu kifo, hesabu mistari. Katika Life is Strange ya 2015, ukimtoa Chloe sadaka na uhusiano wao ulikuwa wa karibu, Max na Chloe wanabusiana. Ukichagua Chloe aishi, mwisho ni mfupi na busu halipo. Mapenzi ya wasichana wawili yakathaminiwa zaidi pale yanapokufa. Kama mwisho wa kifo una mistari 120, mwisho wa kuishi uwe na 120, na busu liwe kwenye ule wa kuishi.

Jambo la mwisho, na hapa lugha inakubeba. Zuhura anaweza kusimulia utoto wake wote kwa Kiswahili bila kukwama kwenye jinsia hata mara moja: "nilikuwa mtoto", "nilipenda mvua". Mama yake naye amwite "mwanangu" kila anapotokea, sura ya 1 hadi ya 5, neno ambalo kila mzazi hulitumia na hakuna atakayeliwazia. Kisha tukio la 9 amwite "binti yangu". Mara moja, katikati ya sentensi ya kawaida kabisa kuhusu jambo jingine, na Zuhura asijibu. Weka kituo cha sekunde mbili hapo, `pause 2.0`, kabla maongezi hayajaendelea.